Kula Kimeksiko mjini Unguja kwa pesa za kawaida

Swali, kutoka kwa msomaji wa Kikwajuni:

Assalaam alaykum, mama. Nimefanya kazi kwenye meli za abiria kwa miaka, na jikoni nilikuwa na wenzangu wawili wa Meksiko. Siku za mapumziko walikuwa wakitupikia taco: mikate midogo ya mahindi, nyama, vitunguu, ndimu na pilipili. Sasa nimerudi nyumbani. Juzi nilikwenda mkahawa mmoja wa pwani nikaagiza taco, nikaletewa ganda gumu lililojazwa nyama ya kusaga, jibini ya manjano na tomato sosi, na kwa pesa niliyotoa ningelisha nyumba nzima siku mbili. Nitapata wapi hapa mjini chakula cha Kimeksiko cha kweli ambacho mtu wa kawaida anakimudu? Na uhalali wake vipi?

Jibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Neno taco nitaliandika kwa c, kama wanavyoliandika wenyewe. Mwenye kucheka acheke sasa, tumalizane.

Jina la mkahawa sikupi. Nimefundisha wapishi wa hoteli za hapa muda mrefu, na majiko ya vyakula vya kigeni nayajua yalivyo: mpishi aliyekuja na ujuzi wake anaondoka kabla ya masika, kibao cha mlangoni kinabaki, na aliyeachiwa mwiko anapika alichokiona kwenye simu. Nikikutajia mahali leo, ukienda baada ya miezi mitatu utanilaumu. Nitakueleza cha kuuliza, cha kutazama, na hasa upishi wa upande gani wa Meksiko unaofaa kutafutwa Unguja, maana nchi ile ni kubwa na haili chungu kimoja.

Kwa bei usivunjike moyo. Meksiko, chakula cha asili ndicho hicho hicho cha bei nafuu. Taco ni chakula cha barabarani, kinaliwa kwa kusimama, fundi gereji na wakili wakibanana mbele ya jiko moja. Kilichokutoa jasho pale pwani ni vitu ambavyo muuza taco wa jiji la Mexico wala hana.

Ulichopewa kina ukoo wake, na si Meksiko. Ganda gumu la boksi, nyama ya kusaga iliyojaa bizari nyembamba, jibini ya cheddar: hayo ni mapishi yaliyokulia Texas na majimbo ya jirani, watu wa Meksiko wakipika kwa vilivyopatikana Marekani, kisha viwanda vikayachukua. Wameksiko nao wanakaanga taco, lakini wanaijaza kwanza ndipo wanaikaanga. Hata nachos, vile vipande vya tortila vya kukaanga vyenye jibini juu, zilianzia pale mpakani, mji wa Piedras Negras, miaka ya 1940, mhudumu mmoja aliyeitwa Ignacio Anaya alipoletewa wageni wanawake wa Kimarekani na jikoni hakuna mpishi. Sisemi ni vyakula vibaya, vijana wangu wanavipenda. Ila hapa kisiwani kila kipande chake kimekuja kwa kontena: jibini kwenye baridi, ganda kwenye boksi, pilipili kwenye chupa. Unalipa meli, unalipa forodha, unalipa umeme wa friji, na mwisho kabisa ndiyo unalipa chakula.

Basi ukiingia mkahawani usianze na bei. Muulize mhudumu: mikate yenu ni ya unga gani, na mnaitengeneza hapa? Akikwambia ni ya mahindi na wanaitengeneza wenyewe, vuta kiti. Akikwambia ni ya ngano, usikimbie, kwa sababu kaskazini ya Meksiko, Sonora na huko, wanakula mikate ya ngano kila siku na burito ni yao. Ila mkate huo usukumwe pale pale. Chapati laini iliyochomwa sasa hivi itakupa taco nzuri kuliko mkate wa pakiti uliosafiri mwezi mzima. Akikwambia hajui, agiza samaki wa kuchoma na wali, utakula salama.

La pili uliza salsa. Usiulize kama ipo, uliza imesagwa lini na ndani yake mna nini. Salsa ni tungule, vitunguu, thomu, pilipili na kotmiri, mbichi au zimechomwa kwanza mpaka zibabuke, kisha zikasagwa. Inatengenezwa kila siku na haina sukari. Ikija tamu tamu na inang'aa, hiyo ni ya chupa. Tazama pia urefu wa menyu. Jiko linalojua taco lina nyama tatu nne na samaki. Jiko lenye taco, piza, sushi na biriani katika karatasi moja lina friji kubwa tu. Na menyu iliyoandikwa kwa dola haikuandikwa kwa ajili yako. Uliza bei ya mwenyeji bila ya kuona haya, mikahawa mingi ya watalii inayo na haiitangazi. Pwani ya Paje na Jambiani nenda katikati ya wiki, wageni wakiwa wachache, mpishi ana nafasi ya kutoka nje mkazungumza.

Hayo ni ya mkahawani. Mkate wa mahindi ndio roho ya jambo lenyewe, na nauhofia kwa sababu nimeona watu wengi wakiuharibu kwa sembe.

Unga wetu wa sembe au dona hautoi tortila, ndiyo hiyo mikate ya taco. Utaukanda, utausukuma, ukiuweka kwenye chuma utapasuka, na ukiukunja utakatika vipande viwili. Kosa si la mkono wako. Mahindi ya tortila huchemshwa kwanza na maji ya chokaa, yakalazwa humo usiku kucha, yakaoshwa, ndipo yakasagwa yangali maji. Chokaa inalegeza ganda la punje na kubadilisha kiini chake, hata donge linashikana na kunyumbuka. Inatoa pia ile harufu uliyoikumbuka kutoka melini, ambayo haifanani na ugali. Mahindi yaliyopitishwa hivyo wanayaita nikstamali, na donge lake ni masa.

Ni kazi ya zamani sana. Mahindi yenyewe yalianza kulimwa Meksiko, bonde la mto Balsas, karibu miaka 9,000 iliyopita. Yalipovuka bahari baada ya 1492 mbegu ilisafiri peke yake na chokaa ikabaki kwao. Matokeo yake watu waliotegemea mahindi matupu, Italia na Hispania na baadaye kusini ya Marekani, wakaugua pelagra, maradhi ya ngozi, tumbo na akili, kwa kukosa vitamini ambayo imo ndani ya punje lakini mwili hauwezi kuitoa bila ya ile chokaa. Wameksiko hawakuugua. UNESCO ilipouingiza upishi wao wa jadi katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, kuchemsha mahindi kwa chokaa ni katika mambo yaliyotajwa kwa jina. Sisi tuna samaki na maharage, pelagra usiiwazie. Ninakueleza haya ili ujue kwa nini mkahawa unaokwambia "tunatumia sembe, ni ile ile" haukwambii kweli.

Na chokaa, mwanangu, unaijua. Ni ile ya tambuu. Wauza tambuu wa Darajani wanayo, nyeupe, imelowa, na watu wameila na popoo tangu mababu. Chukua ile isiyotiwa rangi wala harufu. Chokaa ya kupaka ukuta usiiguse kwa chakula hata ukiambiwa imechujwa mara saba, hujui imechanganywa na nini.

Kwa kilo moja ya mahindi makavu meupe, yale yanayouzwa Mwanakwerekwe kwa kupikia pure, chagua mawe na yaliyotobolewa, osha. Maji lita tatu, chokaa ya tambuu kijiko kimoja cha kulia, ikoroge mpaka ipotee. Usitumie sufuria ya alumini! Hizi sufuria zetu nyepesi za kila nyumba zinaliwa na chokaa, maji yanageuka kijivu na chakula kinapata ladha ya bati. Tumia chungu, au sufuria ya chuma isiyoshika kutu, au ya kaure kama bibi yako amekuachia. Chemsha kwa moto mdogo dakika arobaini hivi. Mahindi yatageuka manjano, usishtuke. Toa punje moja uisugue kwa vidole: ganda likitoka na ndani ukiuma ukakuta kiini chembamba bado kigumu, epua, funika, lala.

Asubuhi mwaga maji, osha mahindi huku ukiyasugua kwa viganja, maji mawili au matatu. Usitoe maganda yote, kidogo kikibaki ndicho kinachoshika donge. Ukimaliza nawa mikono vizuri kabla ya kugusa macho.

Kusaga ndiko kunakowashinda watu. Mashine ya mtaani ya unga haipokei mahindi maji, na mwenye mashine atakufukuza. Kinu kinafaa, ila uwe na vijana nyumbani. Mimi natumia kile kimashine cha mkono cha kusagia nyama, kile cha kufunga kwenye ukingo wa meza, kwa tundu ndogo kabisa, na napitisha mara mbili, mara ya pili nikinyunyizia maji kidogo. Brenda inasaga laini lakini inataka maji mengi na donge linakuwa uji. Kama huna kingine, saga kwa mafungu madogo, kisha utandaze kwenye kitambaa likauke kidogo. Kanda na chumvi. Fanya kidonge cha ukubwa wa limau dogo, kibonyeze kwa kidole: ukingo ukipasuka kama udongo wa kiangazi, ongeza maji, ukinata mkononi, umezidisha.

Weka kidonge katikati ya vipande viwili vya nailoni nene, ile ya pakiti ya unga, gandamiza kwa kaango zito au ubao. Chuma cha chapati kiwe cha moto sana na bila ya mafuta. Nusu dakika, geuza, dakika moja, geuza tena, gusa katikati kwa kitambaa. Ikifura umefaulu. Zipange ndani ya kitambaa kizito zijipike kwa mvuke wake, usizile moja moja zikitoka motoni kwa uroho, ndani ya kitambaa ndimo zinamolainika. Kilo moja ya mahindi inatoa tortila za watu kumi na kubakisha, na gharama yake ni mahindi, makaa na usingizi wako. Kama una ndugu anayekuja kutoka Nairobi, Dubai au Ulaya, mwagize pakiti ya unga iliyoandikwa masa harina. Huo umeshapitishwa chokaa na kukaushwa, unaukanda kwa maji ya vuguvugu tu. Masa mbichi ni tamu zaidi, lakini siku za kazi nami huchota kwenye pakiti.

Darajani utapata karibu kila kitu kilichobaki. Pilipili mbuzi ni jamii moja na habanero ya Wameksiko, ukali ule ule na ile harufu ya matunda. Tungule zile chachu za kijani wanazosagia salsa ya kijani huku hazipo. Chukua tungule zetu mbichi kabisa, zichome kwenye makaa, ongeza ndimu. Kwa pilipili zao kavu nyekundu zisizo kali, waombe wauza viungo pilipili ya Kashmir, ile ya kutia rangi. Inakaribia guajillo kwa rangi na upole, ingawa moshi wa chipotle, pilipili yao iliyokaushwa kwa moshi, hutaupata humo. Kotmiri, ndimu, maparachichi, vitunguu, nanasi, vyote vipo. Maharage ya kukaanga usiyatie nazi siku hiyo, hata mkono ukuwashe. Jibini nyeupe fanya mwenyewe: chemsha maziwa ya ng'ombe, kamulia ndimu, chuja, tia chumvi, likandamize jiwe. Si ile ile ya kwao, maana wao hugandisha kwa dawa ya jibini, lakini juu ya taco inafanya kazi yake. Ile chakula inayoitwa mole, mchuzi mweusi wa Puebla na Oaxaca wenye pilipili kavu za aina kwa aina, ufuta na chokoleti, iache. Bila ya pilipili zenyewe utapika kitu kingine, na utapoteza siku mbili.

Sasa uhalali, maana umeuliza na una haki. Nguruwe amejaa katika upishi wao, tusidanganyane. Al pastor (nyama ya kuzungusha motoni), carnitas (nyama iliyopikwa ndani ya mafuta yake), chorizo (soseji), kwa kawaida ni nguruwe. Linalowapita watu zaidi ni mafuta: maharage ya kukaanga, tamale (masa iliyofungwa majani ikapikwa kwa mvuke) na hata mikate ya ngano hukandwa au kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mkahawa wa hapa wenye mpishi wa kigeni na leseni ya kila kitu, usiulize "mna nguruwe?" tu, uliza maharage yamekaangwa kwa mafuta gani na kaango ni lile lile au la.

Kwa upande wa pili, Meksiko ina vyakula vikubwa visivyojua nguruwe kabisa. Birria ya Jalisco asili yake ni mbuzi, aliyepikwa polepole na pilipili kavu, siki, karafuu na mdalasini mpaka nyama inaachia mfupa. Barbacoa ya Hidalgo ni kondoo, anayefunikwa na majani ya mkonge wao na kufukiwa shimoni usiku mzima. Taco za kichwa, ulimi na utumbo zinauzwa kila kona, na mtu aliyelelewa na supu ya asubuhi hatakwama hapo. Halafu hiyo al pastor yenyewe. Walioileta ni wahamiaji wa Lebanoni na jirani zake, waliofika Puebla na nyama yao ya kuzungusha kwenye mti wa chuma. Miaka ya 1930 walikuwa wakiuza pale taco árabe, nyama katika mkate mwembamba wa ngano. Kondoo alikuwa wa kwanza, nguruwe alikuja baadaye kwa urahisi wa bei. Kwa hiyo shawarma ya jioni hapa mjini, ukimwambia muuzaji aache mayonezi na chipsi, atie vitunguu vibichi, kotmiri na pilipili ya ndimu, iko karibu na Puebla kuliko ganda lako la pwani. Na bei yake unaijua.

Nimelichelewesha ninalolipenda mwenyewe. Watu wakitafuta chakula cha Kimeksiko wanawaza jangwa, ng'ombe na kofia pana. Tazama upande wa mashariki, rasi ya Yucatán, nchi ya Wamaya. Joto, mawe ya chokaa, bahari pande tatu, migomba, pilipili kali. Upishi wao mashuhuri ni cochinita pibil: nyama, kwao ni ya nguruwe lakini sisi tutatia kuku, inayorowekwa katika unga mwekundu wa achiote, thomu, pilipili manga, karafuu, mdalasini na maji ya chungwa chungu, ikafungwa majani ya mgomba na kufukiwa kwenye tanuri la ardhini. Hesabu hivyo vitu uone kipi kinatoka nje ya Unguja.

Achiote ni mbegu za mzingefuri. Mti huo umejaa mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, na kila siku vijana wanaotembeza watalii wanapasua tunda lake na kuwapaka wageni midomo rangi nyekundu, picha zinapigwa, mbegu zinatupwa. Inaniuma! Omba au nunua mbegu kavu kwao, au waulizie wauza viungo wa Darajani uwaambie zingefuri. Chungwa chungu ni danzi, lile ambalo siku hizi watoto hawalitaki. Kwa wazee wa mashamba bado lipo. Karafuu yao na yetu zote asili yake ni visiwa vya Maluku, ila yao ilipita njia nyingine. Kuanzia mwaka 1565 hadi 1815 merikebu za Hispania zilikuwa zikivuka Pasifiki baina ya Manila na Acapulco, na Meksiko ikapata viungo na vitu vya mashariki kwa mlango wa nyuma. Embe pia zilivuka huko. Aina moja wanaiita ya Manila hadi leo. Ndiyo maana Meksiko ukiona watu barabarani wanakula embe kwa chumvi, pilipili na ndimu, utadhani umesimama nje ya skuli ya Vikokotoni.

Pika kwa kuku wa kienyeji. Kuku mmoja, vijiko viwili vya mbegu za zingefuri. Ni ngumu, kwa hiyo zichemshe kidogo na uzilaze kwenye maji hayo usiku, kisha zisage mpaka ziwe laini, na nguo ziwe za kuchezea maana rangi yake haitoki. Ongeza thomu punje sita, pilipili manga kijiko cha chai, karafuu nne, kipande cha mdalasini, bizari nyembamba kidogo sana, chumvi, na maji ya madanzi matatu. Danzi likikosekana, chungwa moja kwa ndimu mbili. Mpake kuku aliyekatwa, mlaze. Majani ya mgomba yapitishe juu ya moto yalegee, tandika kwenye chungu, panga kuku na rojo lake lote, funika kwa majani, kisha mfuniko na makaa juu na chini kwa seredani ya moto mdogo. Saa mbili, na akiwa jogoo mzee usimhesabie saa. Mchambue kwa mikono ndani ya rojo. Pembeni weka vitunguu vyekundu vilivyokatwa vyembamba na kulazwa katika maji ya danzi, chumvi na pilipili mbuzi moja. Usivioshe kwa chumvi ukavikamua kama vya kachumbari, vinataka kubaki na ukali wake.

Samaki wanaye pia. Pwani hiyo hiyo wanapika tikin xic: samaki mzima amepasuliwa mgongoni, akapakwa zingefuri ile ile na maji ya chungwa chungu, akachomwa juu ya jani la mgomba. Changu mkubwa wa Malindi wa asubuhi anafaa kabisa. Ni chakula cha nusu saa, na kama mkahawa wowote wa pwani yetu ungeniuliza uandike nini kwenye menyu badala ya lile ganda gumu, ningeuambia huyu.

Nje ya nyumba, kwa anayetaka kula mjini leo usiku, fanya hivi. Chukua tortila zako ndani ya kitambaa na kichupa cha salsa, nenda kwa muuza mishikaki wako wa mtaani, si Forodhani kama huna haja, kule bei inategemea sura yako. Mwambie mapema akubakishie nyama ya ng'ombe isiyotiwa viungo, aichome kwa chumvi tu na kuikata vipande vidogo. Hiyo ni carne asada, haina siri nyingine. Pweza wa kuchoma anakubali vile vile. Utatazamwa, na wa pili yake atakuomba uonje, na ukimkubalia ndiyo mwanzo wa kugawana gharama za mahindi. Mama yeyote mtaani kwako anayepika chapati za kuuza ana chuma, ana mkono na ana wateja. Mpelekee masa iliyokandwa siku ambayo hana kazi nyingi, mlipe kwa tortila mia kama anavyolipwa kwa chapati. Nimewaona watu wakipata taco zao za kila wiki kwa njia hiyo bila ya kuingia mkahawani. Mwezi wa Ramadhani mpango huo unakwenda vizuri zaidi, watu wakiwa nje baada ya tarawehe na majiko yote yanawaka.

Cha kunywa usihangaike. Maji ya ukwaju wanakunywa wao kama sisi, na ya rozela pia. Wana na horchata, mchele uliolowekwa ukasagwa na mdalasini, ukachujwa na kutiwa sukari. Mdalasini wetu unaipendeza.

Tortila zikilala usizitupe. Asubuhi zikate pembe tatu, zikaange mpaka zikauke, mwagia salsa ya moto, vunjia yai juu na jibini yako. Wenyewe wanaita chilaquiles, na ndiyo staftahi ya aliyelala na njaa.